Admeri wa Japani, Mzaliwa wa Kanyenye

Mtu wa Tabora akitaka kuiona bahari hupanda treni, hulala humo, huamka humo, akashinda tena humo, ndipo akaiona. Maji makubwa ya karibu ni bwawa la Igombe, nalo lina perege na kambale, manowari halina. Kwa hiyo siku ile Majidi bin Adinani alipotundika picha ya babu yake mbele ya duka lake la vipuri vya pikipiki, na chini yake maandishi ADMERI SHABAN, AFISA WA JESHI LA MAJINI LA JAPANI, VITA KUU YA PILI, wapita njia walisimama, wakaitazama picha, wakamtazama Majidi, wakaenda zao. Hawakuamini, lakini duka la Majidi ndilo pekee kichochoroni lenye pampu ya bure, na mwenye pampu habishiwi.

Ng'ambo ya kichochoro, barazani kwake, Bi Swaumu binti Masika alikuwa akichambua choroko. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini herufi kubwa alizimudu. Akasoma mara moja. Akaendelea kuchambua. Ila choroko nzima zikawa zinakwenda kwa kuku na mawe yanabaki katika ungo.

Ulikuwa mwaka ule wa anwani za makazi, serikali ilipotaka kila njia iwe na jina na kila mlango namba. Kichochoro chao hakikuwa na jina. Zamani ndiko misafara ilikotokea kwenda Ujiji, basi wazee walisema "njia ya Ujiji" na vijana wakasema "pale nyuma ya msikiti", na wote walifika. Sasa Julieth, mtendaji wa mtaa, binti mchapakazi aliyehamishwa kutoka Kaliua, alipita mlango kwa mlango na daftari lake akasema hivyo havitoshi. Kompyuta inataka jina. Mkutano utakuwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri, na Ijumaa jina linakwenda wilayani. Likishakwenda, alisema, hata yeye hawezi kulirudisha.

Mzee Yaser Ghalibu, ambaye watu wake walitoka Omani na kukaa Tabora kabla reli haijaota ndoto ya kufika, alilitaja jina la babu wa babu yake aliyekuja na msafara. Kisha akaliondoa mwenyewe, upesi, kabla hajaulizwa msafara ule ulikuwa umebeba nini. Akabaki Majidi peke yake na admeri wake.

Na admeri alikuwa anapanda cheo. Marehemu wengine wakizikwa hutulia, lakini marehemu Shaban kila wiki alipata vita vipya. Jumatatu alikuwa amezamisha meli mbili, kufika Ijumaa zilikuwa tano. Majidi alikuwa ameikuta picha ndani ya kasha la shangazi yake, akaipeleka kwa vijana wa mashine, wakaikuza ikawa na ukubwa wa mlango na kuitia rangi. Mzee Yaser alipomwuliza kwa adabu marehemu alifikaje Japani, Majidi akasema alipanda treni hadi Kigoma akashukia ziwani. Mzee Yaser akasema ziwa lile, kwa alivyosikia yeye, halitoki kwenda baharini. Majidi akamwambia kuna manowari zinazopita chini.

Bi Swaumu angeweza kucheka na wenzake. Kwa miaka themanini na sita aliyoishi alikuwa amesikia uongo mkubwa kuliko huo, mwingine kwenye mikutano ya hadhara. Lakini nyumba yake ndiyo ya pembeni, pale njia inapoanza. Kibao cha jina kingepigwa misumari kwenye ukuta wake yeye, ukuta aliousimamisha baba yake, tofali kwa tofali, na jina litakaloandikwa pale ni la mtu aliyempeleka baba yake jela.

Hilo hakuna aliyebaki anayelijua isipokuwa yeye na mjukuu wake mmoja. Na mwenye kutaka kujua sharti kwanza ajue beni ni nini, maana wajukuu wa leo wakisikia beni hudhani ni benki.

Beni ilikuwa ngoma ya kutembea kijeshi. Kulikuwa na tarumbeta, na ngoma kubwa ya tumboni, na watu waliovaa kama Wazungu na kujipa vyeo vya Kizungu, kwa kuwa Wazungu wenyewe wasingewapa. Hapa mtaani Kanyenye walikuwa na beni yao, jina lake Manowari. Mtaa wa pili, Gongoni, wakawa na ya kwao, Nchi Kavu. Kila Idd walishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa matusi ya mafumbo, na aliyeshindwa alinyamaza mwaka mzima.

Watu wa Manowari waligawana bahari zote za dunia. Uingereza ilichukuliwa na muuza nyama, kwa sababu ya tumbo. Ujerumani alipewa kinyozi, naye vita vilipoanza akaombwa airudishe, akahamia Ureno. Shaban alichelewa kujiunga, akakuta meli zote za maana zimekwisha. Ilibaki Japani. Hakuna aliyejua ilipo. Mzee mmoja alidai iko nyuma ya Bara Hindi, mkono wa kulia.

Shaban akaichukua hivyohivyo, akaanza chini kabisa, kwa kubeba ngoma kubwa ya mwenzake. Mwaka uliofuata akaiazima beni baiskeli yake, akawa luteni. Akachinja mbuzi wawili, akawa kapteni. Vita vya kweli alipigana mara moja tu, na mke wa kinyozi, kisimani, wakigombea zamu ya ndoo. Akashindwa, na hilo halikutiwa katika wimbo wowote. Kisha mwezi wa kumi na moja, mwaka arobaini na moja, akapika pilau lililowafanya hata Gongoni wavuke barabara kuja kula, na jioni hiyo akatangazwa Admeri wa Japani.

Nguo za cheo alizishona Fundi Masika, baba yake Swaumu, fundi ambaye watu walitoka Igunga kumletea kitambaa. Alishona kwa kitambaa cha marekani nyeupe iliyofuliwa kwa buluu. Mabega aliyafuma kwa katani iliyochovywa manjano ya mchuzi. Swaumu, miaka sita, ndiye aliyekalishwa juu ya suruali ili mikunjo ishike. Admeri akaenda kupigwa picha kwa Mhindi wa njia ya stesheni, nayo ndiyo hiyo iliyokuzwa ikawa mlango.

Mwezi wa Desemba Wajapani wakazishambulia meli za Wamarekani, na Mwingereza naye akawa vitani na Japani. Habari ilifika Tabora kwa simu ya upepo ya boma, ikakaa hukohuko boma. Kanyenye hakuna aliyeambiwa. Wiki tatu baadaye ikaingia Idd ya Kuchinja.

Manowari yenyewe ilikuwa fremu ya mianzi iliyovikwa mashuka, na chini yake wanaume sita wakiibeba, kwa hiyo ilikuwa manowari pekee duniani iliyokanyaga miiba. Mbele yake alitembea Shaban, peku, upanga wa bati mkononi, na juu bendera nyeupe yenye duara jekundu. Wakapita msikitini, wakapita sokoni, watu wakashangilia, na kwa kuwa kichwa kilichoshangiliwa hakishauriki wakaona heri wapite na boma, wamsalimie Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya.

Bwana Shauri alikuwa anakunywa chai barazani. Kikombe, walisema waliokuwepo, hakikufika mdomoni. Vita vya Admeri Shaban na dola ya Kiingereza vilianza saa nne asubuhi na vikaisha saa nne na robo. Mabaharia sita walitoka chini ya meli wakakimbia pande sita, na manowari ya Japani ikabaki imekaa uwanjani kama kitanda kilichosahauliwa juani.

Kesho yake Shaban alisimamishwa mbele ya Bwana Shauri, magoti yakimcheza. Kosa lilikuwa kubwa. Kutumikia adui wakati wa vita kuliweza kumpeleka mtu mahali ambako harudi. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, mpenda usahihi, akamwuliza kama anakubali kwamba yeye ni afisa wa majini. Shaban akakubali, kwa kuwa mashahidi walikuwa mji mzima. Mkalimani akataka kutafsiri, akasita, akamgeukia tena.

"Majini yapi? Ya baharini au ya kichwani?"

Hapo ndipo Shaban alipoonyesha akili ya kivita kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Aliuona mlango umeachwa wazi, akapita. Ya kichwani, alisema. Akaanza na kutetemeka, jambo ambalo halikumpa taabu maana alikwisha anza. Akasema Japani haijui, hajapata kumwona Mjapani, ila kuna jini la Kijapani lilimpanda tangu siku aliyovaa nguo zile, akahisi kitu kinamtembea ukosini. Alipoulizwa nani amemtupia jini hilo, alitazama chini. Kisha akasema, muulizeni aliyeshona.

Askari wakaenda kwa Fundi Masika. Wakakuta chaki. Wakakuta kamba ya kupimia yenye namba, na sindano nyingi kuliko mahitaji ya mtu mwema. Wakakuta na daftari la herufi za Kiarabu, kila ukurasa jina la mtu na tarakimu. Lilikuwa daftari la vipimo: kifua, kiuno, mkono. Mkalimani mpenda usahihi angeweza kulisoma, lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Bwana Shauri akaambiwa ni hirizi. Mtu mmoja akaachiwa kwa wazimu na mtu mmoja akafungwa kwa uchawi, miezi tisa, kufyeka msitu wa mbung'o kule Usinge.

Alirudi na mguu usiokunja. Cherehani yake ilikuwa ya miguu. Na hata angeweza kuikanyaga, nani angemletea kitambaa fundi anayeshona jini ndani ya ukosi? Mama yake Swaumu akaanza kukaanga vitumbua, akawaambia wanawe neno moja la kusema wakiulizwa: baba yenu alikwenda Usinge kutafuta asali. Baba mwenyewe hakusema hata hilo. Alikaa miaka tisa barazani, akitazama suruali za wapita njia na kuona makosa ya ushonaji, kisha akafa.

Na Shaban? Shaban alipona jini wiki ileile, bila mganga. Aliishi mpaka uzee, akasalimiwa vizuri.

Sasa mtu atauliza kwa nini Bi Swaumu hakusema miaka yote hiyo. Aulizaye hivyo si mtu wa huku. Katika nchi ambayo kikongwe akipata macho mekundu kwa moshi wa kuni huanza kutazamwa kwa pembe, na wengine wameamka asubuhi wakawakuta bibi zao hawaamki kwa sababu ya panga, bibi gani atasimama mwenyewe aseme baba yangu alifungwa kwa uchawi? Asali ya Usinge ilikuwa salama. Miaka themanini aliila.

Jumatano, kabla ya kuamua lolote, alivuka kichochoro akaenda dukani kwa Majidi. Aliona heri mambo yaishe kwa taratibu. Majidi akamwamkia, akamtolea kigoda na soda baridi, maana si mtu mbaya, ni mtu aliyeona picha ikampendeza. Bi Swaumu akaisifu picha. Akasema ingependeza zaidi sebuleni.

"Historia haikai sebuleni, bibi."

"Basi iache dukani. Lakini ukuta wangu usiuguse."

Majidi akacheka, akaipangusa kaunta isiyo na vumbi. Akasema kibao ni cha serikali, na ukuta wa pembeni ndio unaofaa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekufunika shuka, kwamba yeye kila mzee wa njia hii anamheshimu. Kwa mfano, amewahi kusikia kwamba marehemu Mzee Masika alipata kufungwa. Yeye hajauliza kwa kosa gani. Na akiachwa na admeri wake, hana haja ya kuuliza.

Bi Swaumu akashukuru kwa soda. Hakuimaliza.

Nyumbani mjukuu wake Shamimu, anayefundisha watoto wa chekechea, alikuwa anasonga ugali. Shamimu ndiye pekee aliyekwisha ambiwa, mwaka ule bibi alipougua akadhani anakufa. Alipomwona usoni alijua. Akamwomba aliache lilale. Wazazi wa wale watoto, alisema, leo wananiita mwalimu, kesho wataniita kitukuu cha mchawi. Na wewe unakaa peke yako mchana kutwa hapo barazani, bibi, macho yenyewe yana ukungu.

"Limelala miaka themanini," Bi Swaumu akamjibu. "Nami nikifa kesho, maiti yangu itatolewa mlango namba moja, Njia ya Admeri Shaban. Watu watasema, bibi huyu alikaa kwa admeri."

Shamimu aliusonga ule ugali mpaka mwiko ukalia.

Alhamisi walikusanyika mbele ya duka la Majidi, mbele ya picha. Mabenchi yalitoka msikitini. Julieth alikaa na daftari lake, Mzee Yaser na fimbo yake, na kina mama kwenye mkeka. Majidi akasema maneno marefu. Meli zilikuwa zimefika tisa. Akamaliza kwa kusema Tabora imekaa sana bila bahari, na huyu ndiye bahari yetu. Wengine wakapiga makofi. Julieth akafungua kalamu, akauliza kama kuna pendekezo jingine, kwa namna ya mtu anayetumaini hakuna.

Bi Swaumu akasema yeye ana swali tu, na macho yake hayaoni mbali. Akamwomba Julieth, mwenye macho mapya, asogee pale pichani amsomee medali za admeri. Ile ya tatu, karibu na moyo, ina maandishi.

Picha Majidi aliikuza mwenyewe, wala hapakuwa na wa kumlaumu. Julieth akasogea. Akainama. Akasoma kimyakimya, akanyanyuka, akainama tena.

"Ni Kizungu," akasema. "Ni kifuniko cha kopo, kimeandikwa rangi ya viatu. Nyeusi."

Kicheko kilianzia mkekani. Bi Swaumu akangoja kipite, akamwomba Julieth sasa atazame chini, aone hiyo rangi ilipakwa viatu gani. Julieth akasema hakuna viatu. Admeri yuko peku. Mzee Yaser akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, na hata mwadhini, ambaye hucheka kwa mwaka mara moja, alitumia mara yake.

Wakati bado wanacheka, Bi Swaumu akawasimulia. Aliwasimulia beni na bahari zilizogawanywa, baiskeli, mbuzi, pilau, manowari ya miiba na kikombe cha Bwana Shauri. Alisimulia polepole kama mtu anayemenya embe bila kukata ganda, nao wakazidi kucheka, na Majidi akazidi kutafuta kitu cha kushika kauntani. Kisha akafika kwenye swali la mkalimani, na jibu la Shaban, na daftari la vipimo. Hakubadilisha sauti. Kicheko kikapungua mtu mmoja mmoja, mpaka alipotaja Usinge hapakuwa na aliyecheka.

Majidi akaona mlango. Damu haipotei.

"Kwa hiyo bibi umekiri mwenyewe mbele ya watu. Mzee Masika alifungwa kwa uchawi."

Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu, taratibu, kama mtu anayepanga kanga. Shamimu akaliona, na Bi Swaumu, pamoja na ukungu wake, akaliona.

"Alifungwa kwa uchawi," akasema. "Kwa kiapo cha babu yako. Sasa sikia, mjukuu wangu, maana mimi sina haraka. Kama babu yako alikuwa afisa wa Japani, basi alisema uongo mbele ya serikali, na baba yangu alishona sare ya mtu wa kazi yake. Kama baba yangu alikuwa mchawi, basi babu yako alikuwa mwehu mwenye jini, na hiyo picha ni ya mgonjwa. Wote wawili hawakai kwenye kibao kimoja. Chagua unayemtaka, nami nitapiga misumari kwa mkono wangu."

Majidi akaitazama picha. Babu yake naye alimtazama, kifua mbele, rangi ya viatu karibu na moyo. Mzee Yaser alisema baadaye kwamba hajapata kumwona mtu akihesabu kwa bidii hivyo bila vidole. Akimtaka admeri, ni mwongo aliyemtia mwenzake jela. Akimtaka mchawi, ana wazimu katika ukoo, na ana mabinti wawili bado hawajaposwa.

"Ilikuwa ngoma," akasema hatimaye.

Bi Swaumu akamwomba aseme tena, kwa kuwa Mzee Yaser sikio la kushoto halimsaidii. Mzee Yaser, ambaye masikio yake yote mawili ni mazima, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Nasema ilikuwa ngoma tu. Hakuna Japani. Hakuna jini. Zilikuwa nguo za ngoma."

"Na aliyezishona?"

"Fundi," Majidi akasema. "Alikuwa fundi cherehani. Basi."

Bi Swaumu akashukuru. Akakaa. Yule mama aliyemvuta mtoto akamwachia, akajitia kumfuta kamasi.

Julieth, aliyekuwa ameandika kurasa nne ambazo kompyuta haikuziomba, akasema yote ni mazuri lakini yeye bado hana jina. Mzee Yaser akapendekeza njia iitwe Fundi Masika. Akasema ni haki, na zaidi ni fupi. Wote wakageuka kumtazama Majidi. Majidi akafikiri kidogo, kisha uso ukamfunguka. Masika, akasema, ni sawa kabisa. Ni neno zuri. Hata mgeni akisoma atadhani habari ya mvua. Na alipokuwa anasema hivyo ilionekana wazi kwamba hilo ndilo lililompendeza, kwamba jina litakaa hapo mbele ya duka lake kila siku na hakuna atakayeuliza swali. Kufika magharibi picha ilikwisha ingizwa sebuleni.

Kibao kikaja baada ya miezi minne, cha buluu, maandishi meupe: NJIA YA FUNDI MASIKA. Walikipiga misumari ukutani na Bi Swaumu akatoka kukisoma, herufi moja moja, kwa kidole. Siku hiyo alipika pilau akagawa kichochoro kizima, na bakuli la kwanza akalivusha kwa Majidi, naye akalipokea kwa mikono miwili bila kumtazama.

Mwezi wa pili mvua ikakatika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yakaanza kujikunja. Asubuhi moja alifika mtu barazani, mrefu, lubega begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alisema jina lake Ngollo, mfugaji, ametoka Choma. Akamwamkia Bi Swaumu kwa kuchuchumaa, kama wafanyavyo watu waliolelewa, akaweka mbele yake kuku jike mweupe aliyefungwa miguu.

Bi Swaumu akamwuliza kuku ni wa nini.

Ngollo akaeleza kwa heshima. Mwenzake alikuja mjini kuuza ng'ombe, akaona kibao cha serikali. Hata serikali imekubali kwamba hapa palikuwa na fundi wa masika. Huko kwao Choma mafundi wa mvua wamekwisha, waliobaki ni matapeli. Basi wazee wamemtuma aje kwa aliyeachiwa kazi.

Shamimu alikuwa mlangoni na kikapu chake cha kazini. Akaweka mkono mdomoni. Ng'ambo, Majidi alikuwa anajaza upepo tairi ambalo lilikwisha jaa.

Bi Swaumu alimtazama yule kuku, akamtazama yule mtu. Angeweza kukasirika. Lakini mtu huyu ametembea, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye ng'ombe wake wanalala njaa. Akamwita Shamimu alete chai na viazi kabla hajaenda shuleni, akamwonyesha Ngollo mkeka. Akamwambia akae, atamwambia Fundi Masika alikuwa nani, na asimkatize.

Akaanza mwanzo kabisa. Ngollo alisikiliza kama mtu anayesikiliza kwa niaba ya kijiji. Pale kwenye manowari ya miiba hakucheka, alitikisa kichwa kwa huzuni. Pale kwenye daftari la vipimo alisema, "Serikali ndivyo ilivyo." Chai ilipoa, jua likapanda ukutani mpaka kwenye kibao, na Bi Swaumu akafika mwisho, mguu usiokunja, suruali za wapita njia, kaburi. Akasema kwa hiyo baba yangu hakuwa mchawi wala mganga wala fundi wa mvua. Alishona nguo. Umenielewa, baba?

Ngollo akasema ameelewa vizuri sana. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, na kwa adabu yote ya Choma akauliza:

"Na hizo nguo za majini, bibi, alizishona kwa uzi gani?"

Bi Swaumu alivuta pumzi. Ng'ambo, pampu ikanyamaza.

"Mweupe," akasema. "Namba arobaini. Madukani upo tele."